Mzigo Unakaa Bega la Nani? Mhadhara kuhusu kuchagua njia ya kusomesha watoto nyumbani

Mnamo mwaka 1858 hivi, katika visiwa vya Lamu, mama mmoja mgonjwa alitambua kwamba hatapata muda wa kumlea bintiye hadi mwisho. Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa mjane; mumewe, Bwana Mataka wa Siyu, alikuwa ameshafariki. Mafunzo ambayo mama huyatoa kidogo kidogo kwa miaka, jikoni, uani, wakati wa kusukana nywele, yeye aliyatia katika utenzi wa beti zaidi ya mia moja, akamwachia binti huyo, Mwana Hashima. Siku hizi utenzi ule tunausoma kama fasihi, na wapo wanaouteta kwa yale unayoyasema juu ya utii wa mke, ugomvi ambao una haki yake lakini si wa leo. Mimi nauleta hapa kama kazi ya mwalimu wa nyumbani. Mama yule alijipima, akaona mwili wake hautaibeba kazi iliyobaki, akaihamisha: kutoka kwake mwenyewe kwenda kwenye maandishi, na kutoka kwenye maandishi kwenda kwenye kumbukumbu ya binti, kwa msaada wa vina na mizani, maana kilicho na vina hushikika. Hakuanza kwa kuuliza njia bora ya kufundishia duniani ni ipi. Alianza kwa kuhesabu nguvu zake.

Jambo nililokuja kulisema ni hilohilo, wala sina la pili. Wazazi wanaoamua kuwasomesha watoto wao nyumbani, wawe Nairobi, Mombasa, Arusha au Dar es Salaam, hulakiwa na majina: Montessori, Charlotte Mason, ACE, mtaala wa Cambridge, mtindo wa kale wa Wagiriki na Warumi, na ule wa kumwacha mtoto ajiongoze. Kila jina lina wapambe wake, na mzazi huishia kuchagua kama watu wanavyochagua timu ya mpira. Nadai kwamba majina hayo yote ni namna mbalimbali za kugawa kazi moja. Ili mtoto alijue leo jambo ambalo jana hakulijua, lazima pawe na mtu au kitu kilichoamua lipi lifuate, kikalieleza, kikamtaka alifanyie kazi, kisha kikahakikisha kwamba limeingia. Kazi hizo nne hazipungui hata moja. Shuleni huzibeba mwalimu, akisaidiwa na wizara, silabasi, kengele na mtihani. Nyumbani kengele hakuna. Kila njia ya kusomesha nyumbani huuchukua mzigo wa yule mwalimu na kuutua mahali pengine: kwenye kitabu, kwenye vifaa, kwenye ulimi wa mtoto, au, bila kusema waziwazi, kwenye mgongo wa mama. Kabla ya kuuliza ipi iliyo bora, basi, mzazi aulize mzigo unatuliwa wapi, na kama nyumbani mwake pana bega mahali hapo.

Nianze na Montessori, maana ndilo jina lililoandikwa kwenye mageti mengi ya chekechea zetu, mara nyingine bila chochote cha Montessori ndani ya geti. Maria Montessori alikuwa daktari wa tiba. Tarehe 6 Januari 1907 alifungua nyumba yake ya kwanza ya watoto huko San Lorenzo, mtaa wa maskini mjini Roma, kwa watoto ambao wazazi wao walishinda kazini. Alichokiona pale ni kwamba mtoto mdogo akipewa vifaa vilivyopangwa kwa akili, kila kifaa kikimwonyesha mwenyewe alipokosea, hufanya kazi kwa utulivu ambao watu wazima hawakuutarajia. Herufi za msasa za kupapasa kwa kidole, ushanga wa kuhesabia uliotungwa kumi kumi, vipande vya mbao ambavyo kila kimoja kina tundu lake na hakiingii jingine: mwalimu amehamia ndani ya kifaa. Ni ubunifu mkubwa. Lakini tazama mzigo umekwenda wapi. Vifaa vyenyewe ni ghali, au ni kazi ya miezi kwa fundi seremala. Anayevisimamia sharti awe amefunzwa, kwa kuwa ushanga ule, bila mtu anayejua lini autoe kabatini na lini aurudishe, ni mchezo tu. Tena watoto wa miaka mitatu hadi sita huchanganywa makusudi ili mdogo aige kwa mkubwa, na nyumba yenye mtoto mmoja imekwisha kulikosa hilo kabla ya kununua hata herufi moja. Angeline Lillard wa Chuo Kikuu cha Virginia, katika utafiti uliochapishwa 2012, aliwalinganisha watoto wa madarasa yaliyofuata Montessori barabara na watoto wa madarasa yaliyochanganya vifaa hivyo na karatasi za mazoezi na mengineyo. Waliopiga hatua zaidi katika mwaka ule ni wale wa kundi la kwanza. Mzazi anayenunua vifaa vitatu na kuviweka kwenye rafu ya sebuleni asidhani amenunua robo ya matokeo.

Upande wa pili kabisa kuna vijitabu. Accelerated Christian Education, ambayo wengi huiita ACE, ilianzishwa Texas mwaka 1970 na Donald Howard na mkewe Esther, na imepata wafuasi wengi miongoni mwa familia za Kikristo zinazosomesha nyumbani Kenya. Mwaka wa somo moja hugawanywa katika vijitabu 12. Mtoto husoma, hujaza nafasi zilizoachwa wazi, hujisahihisha kwa karatasi ya majibu, kisha hufanya mtihani ambao ni lazima apate asilimia 80 ndipo aguse kijitabu kinachofuata. Hapa mzigo karibu wote umetuliwa juu ya karatasi. Wasomi huidharau njia hii, na sababu wanazo. Kujaza nafasi hakumfundishi mtoto kujenga hoja. Historia iliyomo ni ya Marekani kuliko ya kwetu. Na sayansi yake imefungwa kwenye itikadi kiasi kwamba kitabu chake kimoja kiliwahi kumleta mnyama anayesemekana kuishi katika ziwa Loch Ness, kule Uskoti, awe shahidi dhidi ya nadharia ya mageuko ya viumbe. Hata hivyo dharau hiyo hailioni jambo analoliona mama mwenye watoto wanne na duka la kusimamia. Kijitabu kinaamua lipi lifuate, kinaeleza, kinadai kazi, kinapima. Kazi nne zote. Mzazi anayekiweka kando kwa sababu ya maudhui, na kwa sayansi na historia naona afanye hivyo, ajue ni nini alichojitwisha siku ile.

Charlotte Mason, mwalimu Mwingereza aliyezaliwa 1842, alichapisha mwaka 1886 kitabu chake juu ya elimu ya nyumbani. Kitabu hicho nacho kilianza kama mihadhara kwa akina mama, jambo linalonipa moyo kidogo. Kanuni yake ni nyepesi kuieleza. Msomee mtoto kitabu kizuri, kilichoandikwa na mtu anayelipenda jambo lake, umsomee mara moja tu, kisha umwambie asimulie alichokisikia. Usimwulize maswali ya kuchagua jibu wala usimweleze maana kabla hajasema. Vipindi ni vifupi, havizidi dakika 20 kwa mtoto mdogo, na katika ratiba ya shule zake watoto wa darasa la chini kabisa walianza saa tatu asubuhi na kumaliza saa tano na nusu, mchana wote ukabaki wa kutembea na kutazama ndege na majani. Mzigo hapa umekaa juu ya ulimi wa mtoto na sikio la mzazi. Ni mzigo mwepesi kwa mfuko, mzito kwa subira. Tatizo letu liko kwenye vitabu. Hadithi za Kiswahili kwa watoto zipo. Lakini mtafutie mtoto wa miaka tisa kitabu cha Kiswahili kilichoandikwa kwa mapenzi juu ya mchwa, au mikoko, au magofu ya Kilwa, uone utazunguka maduka mangapi. Mtindo wa kale, uliopewa uhai mpya na mhadhara wa Dorothy Sayers huko Oxford mwaka 1947, wenye ngazi zake za sarufi, mantiki na balagha, nitaupita upesi: unamtaka mzazi ambaye mwenyewe ni msomi na ana ratiba ngumu kama ya kambi, na wazazi wa namna hiyo kwa kawaida hawahitaji ushauri wangu.

Kisha yuko John Holt. Alifundisha madarasani Marekani, akaandika mwaka 1964 kitabu kuhusu jinsi watoto wanavyofeli, na hoja yake ilikuwa kwamba wengi wao hufeli kwa woga: wanajifunza kubahatisha jibu analolitaka mwalimu badala ya kulifikiria swali. Mwaka 1977 alianzisha jarida la wazazi walioamua kuwaacha watoto wajifunze bila shule na bila mtaala. Uchunguzi wake wa woga ni wa kweli, na yeyote aliyewahi kuona darasa likinyamaza mwalimu anapochukua fimbo hahitaji kushawishiwa. Ila njia aliyoijenga juu ya uchunguzi huo haikuuondoa mzigo, iliuficha. Mtoto anayejiongoza vizuri ni yule anayeishi kati ya watu wazima wanaofanya kazi machoni pake na walio tayari kujibu maswali yake; karakana, shamba, chombo cha baharini, jiko la mpishi, nyumba yenye vitabu. Katika nyumba ya ghorofani Kilimani au Kinondoni, ambamo watu wazima huondoka saa kumi na mbili asubuhi na kurudi usiku, anayejiongoza huongozwa na televisheni.

Tugeukie ushahidi, tukianza na ule usiotufaa. Mara nyingi wapambe wa elimu ya nyumbani hutaja utafiti wa Lawrence Rudner wa mwaka 1999, uliowapima wanafunzi zaidi ya 20,000 wa nyumbani Marekani na kukuta alama zao ziko juu ya wastani. Rudner mwenyewe alionya kwamba takwimu zake hazithibitishi ubora wa nyumbani juu ya shule, kwa kuwa familia zile zilijitokeza zenyewe, nyingi zilikuwa za wazazi wasomi wenye kipato, na hakuna aliyejua watoto walewale wangefanya nini shuleni. Onyo hilo halinukuliwi mara nyingi kama alama zenyewe. Utafiti unaotusaidia zaidi ni mdogo sana. Sandra Martin-Chang na wenzake nchini Kanada walichapisha mwaka 2011 ulinganisho wa watoto 37 wa nyumbani na 37 wa shule za umma, wenye umri wa miaka 5 hadi 10. Walipowachambua wale wa nyumbani waligundua kwamba ni makundi mawili. Watoto 25 walifundishwa kwa mpangilio, na hao waliwapita wenzao wa shule. Watoto 12 waliachwa bila mpangilio, na alama zao zilikuwa chini ya makundi yote mawili. Watoto 12 ni wachache mno kujengea sera ya taifa. Lakini upande unaoelekezwa na uchunguzi huo ndio uleule uliooneshwa na kazi kubwa zaidi: mradi wa Follow Through wa Marekani, ulioanza 1968 na kulinganisha mitindo mingi ya kufundisha watoto maskini, ambao katika stadi za msingi mafundisho ya moja kwa moja, hatua kwa hatua, ndiyo yaliyotia fora; na hapa Kenya programu ya Tusome, iliyosambazwa katika shule za msingi za umma kuanzia 2015, ambayo nguvu yake ilitokana na vitu visivyo na mvuto wowote: mwongozo wa mwalimu wenye somo la kila siku, kitabu kimoja kwa kila mtoto, na mtu wa kumtembelea mwalimu darasani.

Hapo ndipo mtu atasimama aseme kwamba mpangilio huua udadisi, na kwamba kama ni kurudi kwenye hatua kwa hatua, heri mtoto angebaki shuleni. Pingamizi hilo lina uzito, na jibu langu ni kuligawa. Masomo hayafanani. Kusoma na hesabu ni ngazi: asiyejua kutoa hawezi kugawanya, na asiyeunganisha silabi hatafurahia hadithi hata umwekee kitabu chenye picha za dhahabu. Ngazi hupandwa kwa mpangilio, kila siku, kwa muda mfupi. Historia, maumbile, muziki, jiografia ya mtaa, mapishi, hayo ni msitu. Unaingilia popote, na mtoto aliyeanzia kwa kinyonga hajapungukiwa na kitu kwa kutoanzia kwa mbegu. Kosa la vijitabu ni kuuchukulia msitu kana kwamba ni ngazi. Kosa la wafuasi wa Holt ni kuichukulia ngazi kana kwamba ni msitu. Mzazi anaweza kabisa kuwa na njia mbili ndani ya nyumba moja, saa moja ya asubuhi yenye amri na saa zilizobaki zenye hiari, na huo hautakuwa mchanganyiko wa ovyo. Ovyo ni kubadilisha njia ya kufundisha kusoma kila mwezi kwa sababu jirani amesifia nyingine.

Katika ngazi ya kusoma tuna bahati ambayo wazazi wengi waliokimbilia Kiingereza wameitupa. Kiswahili kina irabu tano, silabi nyingi huishia kwa irabu, na kinachoandikwa ndicho kinachotamkwa. Philip Seymour na wenzake, katika uchunguzi wa lugha za Ulaya uliochapishwa 2003, waliona kwamba watoto wanaoanza kusoma kwa Kiingereza huchukua zaidi ya mara mbili ya muda unaochukuliwa na wenzao wa lugha ambazo maandishi yake hayana hila. Kiswahili kimo katika lugha za namna hiyo. Mzazi aliyemaliza darasa la saba anaweza kumfundisha mtoto wake ba, be, bi, bo, bu, bila kuogopa kwamba anafundisha kosa, na mtoto akishaelewa kwamba alama husimama badala ya sauti, ameelewa jambo ambalo atalibeba hadi kwenye Kiingereza. Kwa familia inayozungumza Kiswahili mezani, kuanza na vijitabu vya kigeni ni kumwongezea mtoto ngazi mbili kwa wakati mmoja, lugha na kusoma, kisha kushangaa akichelewa. Wenye hofu kwamba atachelewa Kiingereza wakumbuke kwamba hakuna aliyesema kisifundishwe. Nasema kisiwe mlango wa kuingilia.

Kazi ya nne, ile ya kuhakikisha kwamba jambo limeingia, ndiyo inayosahauliwa kuliko zote. Uwezo, mpango uliotuma watu nyumba kwa nyumba Kenya, Tanzania na Uganda kuwapima watoto, ulitangaza mwaka 2011 kwamba watoto wawili kati ya watatu wa darasa la tatu hawakuweza majaribio ya kiwango cha darasa la pili. Wengi huichukua taarifa hiyo kuwa hukumu juu ya shule. Mimi huona pia kwamba watoto wale walikuwa na wazazi, waliokula nao kila jioni, na ilibidi mgeni aje na karatasi ndipo ijulikane. Kumtoa mtoto shuleni hakumpi mzazi macho ambayo hakuwa nayo. Na dawa haihitaji karatasi nyingi. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha mwaka 2006 jaribio ambamo wanafunzi walisoma kifungu, kisha baadhi wakakisoma tena na wengine wakakifunika na kuandika wanachokikumbuka. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojilazimisha kukumbuka walibaki na asilimia 56 ya kifungu, na waliorudia kusoma asilimia 42. Kukumbuka si kipimo cha kujifunza tu, ni kujifunza kwenyewe. Mason na simulizi zake alilijua hilo kwa uzoefu. Vyuo vya Kurani vya pwani vililijua zamani zaidi: kila mtoto ana ubao wake na mahali pake, hapewi somo jipya mpaka amsomee mwalimu la jana kwa ghibu, na hakuna anayemngoja mwenzake. Vyuo vile vina kasoro zake, bakora ikiwa ya kwanza, na kukariri bila kuelewa ikiwa ya pili. Ila mzazi wa Lamu au Tanga anayedhani kwamba kumfundisha kila mtoto kwa mwendo wake ni uvumbuzi uliotoka Ulaya, angepita kwanza barazani pa mwalimu wa mtaani kwake.

Pingamizi linalotajwa kila mara ni la upweke: mtoto atakosa wenzake. Kwa sehemu, jibu lake ni jepesi. Watoto wana viwanja, madrasa, shule za Jumapili, binamu, na mitaa. Lakini pingamizi hili lina sura nyingine ambayo sitaki kuikwepa. Ujerumani huzuia elimu ya nyumbani kwa hoja kwamba shule ni mahali ambapo watoto wa makundi mbalimbali hujifunza kuishi pamoja, na Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu mwaka 2006 haikuyapokea malalamiko ya wazazi waliopinga hoja hiyo. Kwetu hoja hiyo ina nguvu hata zaidi. Shule za sekondari za bweni ziliwakutanisha Wachaga na Wamakonde, Waluo na Wadigo, katika bweni moja na foleni moja ya uji. Mtoto anayesomeshwa nyumbani ndani ya mtaa wenye mlinzi getini, akicheza na watoto wa wazazi waliokubaliana na wazazi wake katika dini na kipato, hakosi marafiki; anakosa wageni. Hakuna njia yoyote kati ya nilizozitaja iliyo na dawa ya upungufu huo, na mzazi asiyeukubali kuwa upungufu hataitafuta dawa.

Kuhusu sheria na mitihani nitasema yale yanayogusa uchaguzi wa njia. Tamko la Haki za Binadamu la mwaka 1948 linawapa wazazi haki ya kwanza ya kuchagua aina ya elimu ya watoto wao. Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya mwaka 2013, kwa upande wake, inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria shule. Afrika Kusini, kinyume chake, iliiweka elimu ya nyumbani waziwazi katika sheria yake ya shule ya 1996. Mzazi wa Kenya, basi, anatembea mahali pasipo na alama za barabarani, na busara inamtaka aweke kumbukumbu za kazi ya mtoto kwa tarehe. Mitihani nayo imebadilika. Ule wa KCPE, wa kumaliza shule ya msingi Kenya, uliofanywa mara ya mwisho 2023, ulikuwa mlango mmoja mwishoni. Mfumo wa elimu ya umilisi ulioufuata umeusambaza mlango huo: alama za tathmini ya Gredi ya 9 zinakusanya asilimia 60 kutoka mtihani wenyewe, asilimia 20 kutoka tathmini za shuleni na asilimia 20 kutoka ile ya Gredi ya 6. Alama zinazokusanywa shuleni kwa miaka haziwezi kukusanywa na mtoto asiyekuwa na shule. Mzazi anayetaka kubaki na njia ya kurudi amsajili mtoto mapema mahali panapomtambua, au aelekee mapema kwenye mitihani ya nje kama ya Cambridge, akiwa amehesabu ada zake. Tanzania ina njia ya watahiniwa wa kujitegemea na Mtihani wa Maarifa kwa ngazi ya sekondari. Uamuzi huu huamua njia ya kufundishia kuliko falsafa yoyote: mtoto wa miaka saba anaweza kusomeshwa kwa simulizi na matembezi, ila kijana wa miaka 15 mwenye tarehe ya mtihani tayari ana mwalimu, na mwalimu huyo ni silabasi. Kwa sababu hiyo mzazi achague njia ya miaka miwili au mitatu ijayo. Bega la kubeba hubadilika. Kwa mtoto wa miaka sita mzazi ndiye kitabu. Kwa wa miaka 12, kitabu chaweza kuwa mwalimu.

Limebaki pingamizi zito kuliko yote, nalo ni kwamba haya yote ni anasa ya wenye nafasi. Ni kweli kwa kiasi kikubwa. Familia inayoishi kwa mshahara mmoja inapoamua kusomesha nyumbani, imeamua kwamba mtu mzima mmoja hataleta fedha, na mtu huyo kwa kawaida ni mama. Vitabu vya wapambe husema «mzazi» katika kila ukurasa, lakini ukitazama ni nani anayefunika sufuria huku akisikiliza hesabu za kuzidisha, neno hilo linapata jinsia. Baba anayeichagua njia ya Mason kwa sababu ameipenda, kisha akaenda kazini, amechagua kwa bega la mtu mwingine. Na katika nyumba nyingi za mijini hata mama hayupo. Aliyepo saa nne asubuhi ni dada wa kazi, ambaye hakuna aliyemwuliza maoni yake juu ya Montessori.

Kwa hiyo, kabla ya kuagiza chochote kutoka Marekani au Uingereza, tumieni likizo moja ya shule kwa majaribio. Daftari la kawaida linatosha. Kila jioni kwa wiki tatu andikeni mistari minne: nani alikaa na mtoto, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi, kwa lugha gani, na mtoto aliweza kusimulia nini cha jana bila kutazama kitabu. Msiandike mlichokusudia, andikeni kilichotokea, pamoja na siku ambazo umeme ulikatika na siku ambazo wageni walikuja bila taarifa. Wiki tatu zikiisha, someni majina yaliyo kwenye mstari wa kwanza. Yakiwa ni ya baba na mama kwa zamu, mna nafasi ya kuijaribu njia yoyote ya subira. Yakiwa ni ya mama peke yake, zungumzeni kwanza juu ya nani atapika. Na kama kwenye kurasa nyingi jina ni la dada wa kazi, basi tafuteni njia ambayo yeye anaweza kuiendesha, mumfunze, na mumlipe mshahara wa mwalimu.